Mzigo Hauliwi

MSIMAMIZI: Haloo? Nani mwenzangu?

BI CHUMVI: Jina halionekani kwenye simu yako?

MSIMAMIZI: Macho yangu yako kwenye tableti. Sema, nani?

BI CHUMVI: Bi Chumvi.

MSIMAMIZI: Bi Chumvi. Umechelewa zamu.

BI CHUMVI: Salamu kwanza, Msimamizi. Hujambo?

MSIMAMIZI: Sijambo.

BI CHUMVI: Nyumbani?

MSIMAMIZI: Wazima. Umechelewa zamu. Samaki wamejaa mezani, wameshapasuliwa, hakuna wa kuwatia chumvi.

BI CHUMVI: Niko kazini mimi.

MSIMAMIZI: Kazini wapi?

BI CHUMVI: Si nilikwambia? Kwa dobi. Tunafua mashuka ya hoteli. Sasa hivi ni mapumziko, nimekaa nyuma ya mashine ya kukaushia. Ndiyo hiyo ngurumo unayoisikia.

MSIMAMIZI: Nilidhani ni mtandao.

BI CHUMVI: Na mtandao nao umo. Sikiliza, salio langu ni la kubahatisha, usinizungushe. Mimi nimelala getini tangu jana. Umeniona?

MSIMAMIZI: Nimekuona.

BI CHUMVI: Nimelalaje?

MSIMAMIZI: Kifudifudi. Theluji imekufika kiunoni.

BI CHUMVI: Na njaa yangu?

MSIMAMIZI: Nyekundu.

BI CHUMVI: Nyekundu iliyotulia au inayopepesa?

MSIMAMIZI: Inapepesa.

BI CHUMVI: Ukafanya nini uliponiona?

MSIMAMIZI: Nimekufagilia theluji usoni.

BI CHUMVI: Loo. Mungu akuzidishie.

MSIMAMIZI: Ndicho nilichoweza.

BI CHUMVI: Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nimejificha katikati ya makapu ya mashuka machafu nampigia mtu simu kumwomba kisamaki cha kwenye mchezo. Kisamaki cha kuchora! Na ananinyima.

MSIMAMIZI: Sijakunyima. Mzigo hauliwi.

BI CHUMVI: Tumeanza.

MSIMAMIZI: Hatujaanza. Ndivyo ilivyo. Mzigo ukishaingia ghalani ni wa mteja. Mfanyakazi hali mzigo. Ulijua hilo tangu siku ya kwanza unaingia kiwandani.

BI CHUMVI: Kiwandani, ndiyo. Kiwanda kimefungwa, Msimamizi. Hii ni kambi ya kwenye mchezo. Mwenzetu Mapezi alituwekea mchezo kwenye simu zetu zile wiki za mwisho, tulipokuwa tunakaa tu tunaangalia meza tupu, samaki hawaji. Alituwekea tucheke.

MSIMAMIZI: Na tukacheka.

BI CHUMVI: Tulicheka, sikatai. Wenzetu wengine wanaucheza mchezo huu wanakimbizana na mbwa mwitu. Sisi tukafika, tukajenga nini? Banda la moshi.

MSIMAMIZI: Banda zuri.

BI CHUMVI: Zuri. Na vichanja, na meza ya chumvi, na foleni ya kupekuliwa getini. Hakuna aliyetuambia tupekuliwe. Wenyewe tulijipanga. Kumbe kuna kitufe cha kuinua mikono, nikainua mikono. Sijui hata kilitengenezwa kwa ajili gani kile kitufe.

MSIMAMIZI: Cha kujisalimisha.

BI CHUMVI: Ehee.

MSIMAMIZI: Ukikutana na maadui.

BI CHUMVI: Nimeelewa. Mapezi alikufia wapi?

MSIMAMIZI: Unajua.

BI CHUMVI: Niambie wewe.

MSIMAMIZI: Mlangoni kwa ghala.

BI CHUMVI: Na wale mapacha wa kreti?

MSIMAMIZI: Palepale.

BI CHUMVI: Mama Kuni?

MSIMAMIZI: Yeye alikufa njiani. Kuni ziko mgongoni bado. Nazichukua mojamoja za banda.

BI CHUMVI: Watu wote hao wamekufa njaa, ghala limejaa samaki wa moshi mpaka darini, na ufunguo unao wewe.

MSIMAMIZI: Waliondoka kwa hiari yao.

BI CHUMVI: Walikufa!

MSIMAMIZI: Wangeweza kuvua wao wenyewe nje ya zamu. Samaki wa nje ya zamu analiwa, sikumkataza mtu. Hawakutaka. Wakasema mzaha umezidi, wakaufuta mchezo. Mapezi siku hizi anauza makava ya simu, nimesikia.

BI CHUMVI: Anauza. Ananenepa, mwenzako. Kila akinipita ananiuliza, yule mzee bado anakausha? Namwambia bado. Anatikisa kichwa basi, hacheki tena. Zamani alikuwa anacheka.

MSIMAMIZI: Hm.

BI CHUMVI: Haloo?

MSIMAMIZI: Nipo. Nageuza trei.

BI CHUMVI: Umevaa buti?

MSIMAMIZI: Nini?

BI CHUMVI: Buti za kiwandani. Zile nyeupe. Umezivaa hapo ulipo?

MSIMAMIZI: ...Sakafu ina baridi.

BI CHUMVI: Umekaa chumbani kwako, kwenye kiti, na buti.

MSIMAMIZI: Nani kakwambia?

BI CHUMVI: Nimebahatisha. Haya, na njaa yako wewe, rangi gani? Ya kwenye mchezo.

MSIMAMIZI: Nyekundu.

BI CHUMVI: Inapepesa?

MSIMAMIZI: Bado. Jioni ya huko itaanza.

BI CHUMVI: Kwa hiyo tumebaki wawili kambi nzima, mimi nafukiwa na theluji, wewe nawe mguu nje mguu ndani. Tukifa wote mchezo unafanya nini?

MSIMAMIZI: Unaifuta kambi.

BI CHUMVI: Na ghala?

MSIMAMIZI: Na ghala. Kila kitu. Panakuwa msitu tena, kama hakujafika mtu.

BI CHUMVI: Sasa huo mzigo unamtunzia nani? Eh? Nani anakuja kuuchukua?

MSIMAMIZI: Nimefagia njia.

BI CHUMVI: Njia ipi?

MSIMAMIZI: Toka ghalani mpaka getini. Nimefagia theluji, nikatandika magogo. Imenyooka. Nafagia kila asubuhi, maana ikilala siku moja tu inaganda.

BI CHUMVI: Ya nini?

MSIMAMIZI: Gari litapitaje?

BI CHUMVI: Gari gani?

[Ngurumo ya mashine.]

BI CHUMVI: Msimamizi. Mchezo huu hauna magari.

MSIMAMIZI: Najua.

BI CHUMVI: Hauna hata magurudumu. Mapezi alitaka toroli akakosa.

MSIMAMIZI: Najua, Bi Chumvi.

BI CHUMVI: Haya. Nisamehe.

MSIMAMIZI: Hujakosa. Njia ni nzuri tu. Napenda ikiwa safi.

BI CHUMVI: Subiri, kuna mtu... [Sauti ya mbali: "Mama, mashuka ya ghorofa ya juu!"] Nakuja, mwanangu! Namalizia chai! ...Ndiye bosi wangu yule. Umri wa binti yangu wa mwisho. Ananiita mama huku ananituma.

MSIMAMIZI: Mkali?

BI CHUMVI: Hata. Mpole. Kazi yenyewe haina ukali, unakunja tu. Kona na kona, unakunja, unaweka. Hakuna kinachonuka. Unajua mikono yangu imepona?

MSIMAMIZI: Imepona?

BI CHUMVI: Nyufa zote za chumvi zimeziba. Laini, utadhani ya bibi harusi. Usiku naishikashika naona kama nimeazimwa.

MSIMAMIZI: Ni vizuri.

BI CHUMVI: Wanasema ni vizuri. Mimi sisikii lolote. Nakunja.

[Mtandao unakwaruza.]

MSIMAMIZI: Haloo?

BI CHUMVI: Nakusikia. Naomba nikuulize kitu cha kazi. Ghala lako, samaki wa mbele rangi gani?

MSIMAMIZI: Kijani. Wazima.

BI CHUMVI: Wa katikati?

MSIMAMIZI: Njano. Ila wanafaa. Wa moshi akiwa njano anafaa.

BI CHUMVI: Wa nyuma?

MSIMAMIZI: Nawageuza kila siku. Wa zamani mbele, wapya nyuma, kama sheria inavyo—

BI CHUMVI: Sikuulizi unavyowageuza. Mikono yako naijua. Rangi.

MSIMAMIZI: Ukiweka wa zamani mbele na hakuna anayewachukua, wanarudi tena kuwa wa zamani. Hakuna pa kuwapeleka. Nageuza, nageuza—

BI CHUMVI: Rangi gani, Msimamizi?

MSIMAMIZI: Kahawia.

BI CHUMVI: Wengi?

MSIMAMIZI: Ukuta mzima wa nyuma.

BI CHUMVI: Wameoza.

MSIMAMIZI: Kahawia bado haijaoza. Nyeusi ndiyo imeoza.

BI CHUMVI: Lini watakuwa weusi?

MSIMAMIZI: Leo leo.

BI CHUMVI: Kama wale wa chumba cha baridi kiwandani.

MSIMAMIZI: Usianze hilo.

BI CHUMVI: Sijaanza. Nimesema tu.

MSIMAMIZI: Wenye kiwanda walisema tusifungue. Walisema watakuja watu na karatasi, wahesabu, wachukue.

BI CHUMVI: Najua walivyosema.

MSIMAMIZI: Mlikuja getini na mabeseni. Nilikuwa na amri.

BI CHUMVI: Sikulaumu mtu. Beseni langu nililirudisha kichwani tupu, nikaenda zangu. Umeme ukakatwa, wao hawakuja, harufu ikafika barabarani, likaja trekta likafukia. Basi. Mambo yalipita.

MSIMAMIZI: Hawakuja hata kuchukua ufunguo.

BI CHUMVI: Unao bado?

MSIMAMIZI: Uko hapa msumarini. Nauona.

BI CHUMVI: Wa kweli au wa kwenye mchezo?

MSIMAMIZI: Zote mbili naziona.

[Mtandao unakwaruza.]

BI CHUMVI: Upo?

MSIMAMIZI: Mama Watoto kakupigia.

BI CHUMVI: Nani?

MSIMAMIZI: Mke wangu. Kakupigia simu. Habari ya buti hukubahatisha.

BI CHUMVI: Aah, wewe nawe, sisi tunapigiana siku zote, mambo ya wanawake—

MSIMAMIZI: Mama Watoto hana mambo ya wanawake na wewe. Hamkuwahi kupatana tangu ulipomwambia nguo aliyomshonea binti yako ina bega moja juu.

BI CHUMVI: Ilikuwa na bega moja juu.

MSIMAMIZI: Kakwambia nini?

BI CHUMVI: Hakuniambia mengi.

MSIMAMIZI: Kakwambia nini, Bi Chumvi?

BI CHUMVI: Anasema anakufunikia chakula mezani asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Mchana akija, kiko vilevile. Jioni vilevile. Anamwaga, anaosha sahani, anapika tena. Anasema humkatalii. Unasema asante, weka hapo. Mkanda umeutoboa tundu jipya kwa msumari.

MSIMAMIZI: Sisikii njaa.

BI CHUMVI: Najua.

MSIMAMIZI: Si kwamba nasusa. Ajue hivyo. Sina neno naye. Sisikii tu. Naangalia kile chakula kama vile kimewekewa mtu mwingine.

BI CHUMVI: Mteja.

MSIMAMIZI: Hm?

BI CHUMVI: Hamna. Endelea.

MSIMAMIZI: Nimemaliza.

BI CHUMVI: Alilia alipokuwa ananieleza. Ananichukia na bado ananililia. Ujue hali imefika wapi.

MSIMAMIZI: Sikumsikia akilia.

BI CHUMVI: Cherehani inapiga kelele.

[Cherehani inasikika kwa mbali.]

BI CHUMVI: Haya, sikia. Nakwambia bila kuzunguka. Leo ndiyo zamu yangu ya mwisho kambini. Baada ya leo siingii tena.

MSIMAMIZI: Kwa nini?

BI CHUMVI: Nachoka. Nakunja mashuka mchana, usiku natia chumvi samaki wasioshikika. Nataka nilale. Lakini sitaki kuondoka kama Mapezi, nimekufa mlangoni kama kibaka. Nataka nile, nisimame, niage, nitoke kwa miguu yangu. Nifungulie ghala.

MSIMAMIZI: Utaniacha na meza imejaa.

BI CHUMVI: Nitakuacha na meza imejaa. Ndiyo.

MSIMAMIZI: Nitatia chumvi mwenyewe.

BI CHUMVI: Na mkono wako ule mzito? Utaua biashara. Fungua ghala, Msimamizi. Mzigo ule wa kwanza uliletewa amri. Huu nani kakuamrisha?

MSIMAMIZI: Nageuza trei.

BI CHUMVI: Nakuuliza. Nani?

MSIMAMIZI: Hakuna.

BI CHUMVI: Basi.

[Kiti kinasogezwa.]

MSIMAMIZI: Niko mlangoni. Kwa ghala.

BI CHUMVI: Enhe.

MSIMAMIZI: Mapezi yuko hapa. Imebaki kofia tu.

BI CHUMVI: Mruke.

MSIMAMIZI: Nimemruka. Ninageuza ufunguo. Inaniuliza, "Fungua kwa msimamizi peke yake, au kwa wote?"

BI CHUMVI: Kwa wote.

MSIMAMIZI: Wote wenyewe hawapo.

BI CHUMVI: Niko mimi. Bonyeza.

MSIMAMIZI: Nimebonyeza.

BI CHUMVI: Imefunguka?

MSIMAMIZI: Imefunguka. Wako wengi, Bi Chumvi. Sikuwahi kuwaangalia nikiwa natoa. Siku zote naangalia nikiwa naingiza.

BI CHUMVI: Chukua wa njano. Wa kijani waache, wana siku zao bado.

MSIMAMIZI: Usinifundishe kazi.

BI CHUMVI: Samahani, mkubwa.

MSIMAMIZI: Nimechukua wawili. Natoka. Nakuja getini.

BI CHUMVI: Kwa njia yako?

MSIMAMIZI: Kwa njia yangu. Inapitika vizuri. Magogo hayatelezi hata kidogo.

BI CHUMVI: Mzigo umeona njia basi.

MSIMAMIZI: Umeona.

BI CHUMVI: Umenifikia?

MSIMAMIZI: Theluji imekufunika uso tena. Nafagia. Haya. Imeandika, "Mlishe?"

BI CHUMVI: Nilishe, mwanamume, unangoja mwandishi wa habari?

MSIMAMIZI: Nimekulisha.

BI CHUMVI: Rangi?

MSIMAMIZI: Nyekundu... bado nyekundu... imetulia. Imekuwa ya machungwa. Umekaa.

BI CHUMVI: Nimekaa?

MSIMAMIZI: Umekaa, unajipangusa magoti. Imeandika, "Samaki wa moshi. Chumvi imezidi."

BI CHUMVI: Mwongo huyo! Chumvi yangu haijawahi kuzidi!

MSIMAMIZI: Mimi nasoma tu.

BI CHUMVI: Haijazidi hata siku moja. Uliza mtu yeyote.

MSIMAMIZI: Wengi walirudisha.

BI CHUMVI: Nani alirudisha? Taja mmoja!

MSIMAMIZI: [Kicheko kifupi, au kikohozi.]

BI CHUMVI: Ulicheka?

MSIMAMIZI: Moshi.

BI CHUMVI: Haya. Na wa pili, kula wewe.

MSIMAMIZI: Baadaye. Msimamizi anakula mwisho, zamu nzima ikishakula.

BI CHUMVI: Zamu nzima imeshakula. Mimi ndiye zamu nzima.

MSIMAMIZI: Ngoja kwanza nirudi niwatoe wale wa kahawia—

BI CHUMVI: Watoe, lakini kula kwanza.

MSIMAMIZI: Nitakula.

BI CHUMVI: Sasa hivi, nikiwa kwenye simu. [Mlio wa onyo.] Salio hilo linanionya, usinifanye nikatike bure.

MSIMAMIZI: Nimekula.

BI CHUMVI: Kweli?

MSIMAMIZI: Nimebonyeza. Imeandika, "Umekula."

BI CHUMVI: Inasemaje, umeshiba?

MSIMAMIZI: Haisemi. Imeandika tu nimekula.

BI CHUMVI: Inatosha. [Sauti ya mbali: "Mama!"] Naja, naja! ...Sasa ile nyingine.

MSIMAMIZI: Ipi?

BI CHUMVI: Sahani iliyofunikwa hapo mezani. Ipo?

MSIMAMIZI: Ipo.

BI CHUMVI: Iko mbali na wewe?

MSIMAMIZI: Iko hapa tu. Kiwiko kinaigusa.

BI CHUMVI: Sikwambii uimalize. Sikwambii hata usikie njaa. Bonyeza tu, kama ulivyobonyeza. [Mlio wa onyo.] Msimamizi, nakwenda, linakata—

MSIMAMIZI: Bi Chumvi.

BI CHUMVI: Sema upesi.

MSIMAMIZI: Ukitoka, toka kwa njia ile ya magogo.

BI CHUMVI: Nitatoka kwa hiyo. Leo usiku. Nitainua na mikono, unipekue.

MSIMAMIZI: Sikupekui.

BI CHUMVI: Haya. Kwaheri basi, nisalimie—

MSIMAMIZI: Ngoja, usikate. [Kiti kinasogezwa. Kifuniko kinawekwa mezani. Sauti iko mbali na simu.] Mama Watoto!

BI CHUMVI: Haloo?

MSIMAMIZI: [Mbali.] Mama Watoto! Hiki cha leo, au cha jana?

[Cherehani inasimama.]

BI CHUMVI: Msimamizi? Amese—

[Simu imekatika.]